Mikataba ya SGR ilifichwa zaidi ya miaka minane: nani atawajibika kwa siri ile?

Wanajukwaa, nafungua uzi huu nikiwa na hasira, wala sioni sababu ya kuipaka asali. Tarehe 11 Mei 2014, jijini Nairobi, Waziri Mkuu wa China Li Keqiang akiwa mgeni wa Rais Uhuru Kenyatta, serikali ya Kenya ilitia saini mikopo miwili ya Benki ya Exim ya China yenye thamani ya zaidi ya dola bilioni 3.2 kwa ajili ya SGR, yaani reli ya kisasa ya Mombasa hadi Nairobi. Wananchi waliona hati za mikopo hiyo kwa mara ya kwanza tarehe 6 Novemba 2022. Katikati ya tarehe hizo mbili reli ilijengwa, ikazinduliwa tarehe 31 Mei 2017 wiki chache kabla ya uchaguzi mkuu, ikaongezwa hadi Naivasha kwa mkopo wa tatu, malipo yakaanza kuiva, na rais aliyekuwa madarakani akamaliza mihula yake miwili na kwenda nyumbani. Deni lilikuwa letu kuanzia siku ya kwanza, lakini karatasi zake hatukuruhusiwa kuzisoma.

Naomba tulitazame jambo hili kwa utaratibu, kwa sababu mara nyingi mjadala wa SGR huishia kwenye swali la kama reli ni nzuri au mbaya, na waliotuficha hupona hapohapo. Mimi sibishani na garimoshi. Nabishana na uamuzi wa kuwafunga watu macho huku mikono yao ikiingizwa mfukoni kutoa pesa. Tozo ya Maendeleo ya Reli ilianza mwaka 2013 kwa asilimia 1.5 ya thamani ya bidhaa zinazoingizwa nchini, yaani ilianza kabla hata ya mikopo ile kusainiwa, na baadaye ikapandishwa hadi asilimia 2. Mwenye duka la vipuri pale Mwembe Tayari ameilipa, na mama anayenunua mafuta ya kupikia yaliyotoka ng'ambo ameilipa bila kuijua. Ni kwa haki gani mtu anayelipa kila siku anaambiwa kwamba masharti ya malipo hayo hayamhusu?

Kilele cha dharau, kwangu mimi, ni mwisho wa mwaka 2018. Barua iliyohusishwa na ofisi ya Mkaguzi Mkuu wa Hesabu ilikuwa imevuja, na nchi nzima ikawa inauliza kama mali ya Bandari ya Mombasa imewekwa rehani kwa ajili ya mikopo hiyo. Rais akazungumza na wanahabari hapa Mombasa mwezi wa Desemba, akakanusha, na akaahidi kwamba mkataba utatolewa ili kila mtu ausome. Ahadi hiyo ilitolewa na mkuu wa nchi, kwa kinywa chake, mbele ya kamera. Mkataba haukutolewa. Wananchi walipokwenda kuudai kwa njia ya sheria, maofisa wa serikali hiyohiyo wakajibu kwamba kuna vifungu vya usiri vinavyowazuia, na Sheria ya Siri za Serikali nayo ikaletwa kama ngao. Sasa rais aliahidi nini, ikiwa serikali yake iliamini kwamba haiwezi kutoa? Na ikiwa iliweza kutoa, kwa nini watu walilazimika kwenda mahakamani?

Sisi wa Mombasa siri hii haikutuumiza kwenye karatasi tu. Mwezi wa Agosti 2019 ilitoka amri kwamba shehena zote za kwenda Nairobi na bara zipakiwe kwenye reli. Mimi ni wakala wa forodha, kazi yangu ni kuwatolea watu mizigo bandarini, na niliona jinsi wateja walivyonyang'anywa uhuru wa kuchagua mwenye kuwabebea mali yao. Madereva na matingo wakabaki bila safari, maghala yakaanza kufungwa, na njia nzima kuanzia Mariakani, Voi hadi Mtito Andei, ambako miji imejengeka kwa kumlisha, kumlaza na kumtengenezea gari dereva wa trela, ikapoteza riziki yake. Watu wakaandamana mjini Jumatatu baada ya Jumatatu. Serikali ikaeleza kuwa inatafuta ufanisi, msongamano upungue, barabara zisiharibike.

Maelezo hayo yaliacha kiini nje. Mwaka 2014 Mamlaka ya Bandari na Shirika la Reli walikuwa wamefunga mapatano kwamba bandari itahakikisha kiasi maalumu cha mizigo kinapita relini, na kikipungua, bandari ilipe pengo hilo. Ukijua hivyo, amri ya Agosti 2019 inaeleweka mara moja: mkopo ulihitaji kulipwa, reli ilihitaji mizigo, kwa hiyo mizigo ikaondolewa kwa nguvu kwenye mikono ya watu wa Pwani. Haya ni mapatano yaliyogusa ajira za maelfu ya watu, na hakuna hata mmoja wao aliyeitwa akaonyeshwa au akaulizwa kabla hayajafungwa. Lau tungeyasoma mwaka 2014, tungejua mapema kinachokuja, tungekwenda kwa wabunge wetu na mahakamani kabla wateja hawajapotea, na wenye malori wangefikiri mara mbili kabla ya kukopa benki kununua magari mapya. Ndiyo maana nasema siri hii iliharibu maisha ya watu. Rais William Ruto alipoapishwa Septemba 2022 alitangaza kurudisha Mombasa shughuli za kutoa mizigo zilizokuwa zimehamishiwa bara, nasi tukashukuru, lakini aliyefilisika katika miaka ile hakufidiwa na mtu.

Waliopasua ukuta ni raia wawili, Khelef Khalifa na Wanjiru Gikonyo, walioishtaki serikali katika Mahakama Kuu ya Mombasa wakitegemea kifungu cha 35 cha Katiba kinachompa kila raia haki ya kupata taarifa zilizo mikononi mwa serikali. Tarehe 13 Mei 2022 Jaji John Mativo aliamua kwamba walikuwa na haki hiyo na kwamba hati zitolewe. Serikali iliyokuwapo ilibaki madarakani kwa miezi minne zaidi baada ya hukumu hiyo, na iliondoka bila kuzitoa.

Hoja ya kifungu cha usiri inanikera kuliko zote, maana inasemwa kana kwamba ni amri iliyoshuka kutoka mbinguni. Ni kweli kwamba mikataba ile inamtaka mkopaji aweke masharti yake siri. Lakini mkopaji ni nani? Mkopaji ni Jamhuri ya Kenya, na Katiba ya 2010 inasema wazi katika kifungu cha 201 kwamba fedha za umma zitasimamiwa kwa uwazi na uwajibikaji. Ofisa wa serikali hana mamlaka ya kumwahidi mkopeshaji kitu ambacho Katiba imekwisha kukikataza. Aliyekubali kifungu hicho alitoa asichokuwa nacho, na aliyekitumia baadaye kutunyima hati alikuwa akilinda watia saini, si nchi. Bunge nalo lisijifiche nyuma ya serikali. Kifungu cha 211 kinalipa uwezo wa kudai taarifa za mkopo wowote wa serikali, na waziri wa fedha anapaswa kuzileta ndani ya siku saba baada ya Bunge kupitisha azimio. Bunge lililokuwa na wingi wa wanachama wa chama tawala lingeweza kuzipata siku yoyote katika miaka ile. Likakaa kimya.

Mwezi wa Novemba 2022 Waziri wa Uchukuzi Kipchumba Murkomen alizitoa hati tatu za mikopo, na kwa hilo nampa haki yake. Humo tuliona yale tuliyofichwa: mkopo mmoja wa mwaka 2014 ulikuwa wa kibiashara, wenye riba inayopanda na kushuka kufuata soko la kimataifa, mikataba inatawaliwa na sheria za China, na mgogoro ukitokea utaamuliwa na baraza la usuluhishi lililoko Beijing. Lakini zilizotolewa siku ile ni karatasi za mikopo peke yake. Mkataba wa ujenzi, mkataba wa uendeshaji, upembuzi yakinifu uliofanywa na China Road and Bridge Corporation, kampuni ileile iliyokuja kupewa kazi ya kujenga, pamoja na yale mapatano ya bandari na reli, havikuwa humo. Na swali la jinsi kampuni hiyo ilivyopata kazi liko palepale.

Najua nitajibiwa kwamba Mahakama ya Juu mwaka 2023 ilibatilisha uamuzi wa Mahakama ya Rufani wa mwaka 2020 uliokuwa umesema zabuni hiyo ilikiuka sheria. Nauheshimu uamuzi huo. Ila kesi ile ilihusu jinsi kandarasi ilivyotolewa, na malalamiko yangu yanahusu kuficha. Hata zabuni iliyo halali kabisa haimpi ofisa ruhusa ya kuwanyima raia hati kwa zaidi ya miaka minane, kisha kuiacha hukumu ya Mahakama Kuu ikae mezani bila kutekelezwa.

Hadi leo sijaona kiongozi aliyewekwa mbele ya kamati, tume au mahakama akaulizwa: nani alikubali masharti ya usiri, nani alimshauri rais asitimize ahadi yake ya Desemba 2018, na nani aliamua kwamba hukumu ya Mei 2022 isubiri. Wengi wao wamestaafu kwa heshima au wamepata nyadhifa nyingine. Na wakati huo serikali inazungumzia kuifikisha reli Kisumu na Malaba, kwa pesa zitakazotoka tena kwenye tozo ileile.

Sheria ya Kupata Taarifa ya mwaka 2016 inaitaka taasisi ya umma ijibu ombi la raia ndani ya siku 21, na ikikataa, mlalamishi anaweza kwenda kwa Tume ya Haki za Kiutawala. Naandaa ombi kwa Shirika la Reli na Mamlaka ya Bandari, nikidai mkataba wa ujenzi, mkataba wa uendeshaji, upembuzi yakinifu na mapatano ya shehena ya mwaka 2014, pamoja na mkataba wowote uliokwisha kusainiwa kwa ajili ya njia ya Malaba. Nitaweka rasimu yake hapa ili wanasheria waliomo humu wanisahihishe, na yeyote aliye raia wa Kenya anayetaka jina lake liwemo aniambie kabla sijaipeleka.