Naomba ushauri: kuua minyoo fundo kwa joto la jua kabla ya kupanda nyanya

Nyanya za Makutupora:
Ndugu wanajamvi, habari za majukumu. Nalima nyanya za kumwagilia kwenye robo ekari nje kidogo ya mji wa Dodoma, na kwa misimu miwili mfululizo miche imekuwa ikinyauka mara tu inapoanza kutoa maua. Nikiing'oa naikuta mizizi ina vinundu, na bwana shamba wetu alisema hiyo ni dalili ya minyoo fundo, yaani minyoo midogo ya udongoni inayoshambulia mizizi. Nimesikia kwamba udongo ukifunikwa kwa nailoni wakati wa jua kali hupata joto la kuua vimelea, nami nimekwisha kununua nailoni nyeusi, kwa kuwa muuzaji alinihakikishia kwamba nyeusi ndiyo inayovuta joto. Je, nikifunika sasa, mwishoni mwa Septemba, nitawahi kabla ya mvua za Desemba?

Babu Kitalu:
Kijana wangu, muda unakutosha, lakini nailoni uliyouziwa siyo. Nyeusi huvuta joto kweli, ila hulivuta ikabaki nalo yenyewe, na udongo ulio chini yake hupata kidogo tu. Inayotakiwa ni ile angavu, inayopitisha mionzi mpaka kwenye udongo kisha ikalizuia joto lisitoke. Funika kwa wiki nne hadi sita.

Mama Shamba Lushoto:
Samahani, gharama yote hiyo ya nini? Sisi huku tunarundika majani makavu na pumba juu ya kitalu, tunachoma, na kinyausi, ule ugonjwa wa kunyausha miche michanga, hatukioni.

Afisa Ugani Mstaafu:
Dada yangu, moto huo husaidia tabaka la juu kabisa la kitalu kidogo, lakini huteketeza na mboji, na kwa robo ekari hizo pumba zitatoka wapi? Mbinu ya nailoni imejaribiwa kwa muda mrefu: mwaka 1976 watafiti wa Israeli, Katan na wenzake, walichapisha matokeo yao kuhusu magonjwa ya udongoni katika nyanya na biringanya.

Kinachosahaulika mara nyingi ni maji. Ndugu mleta mada, lima, vunja mabonge, sawazisha, kisha mwagilia mpaka maji yazame vizuri, ndipo ufunike. Udongo wenye unyevu husafirisha joto kwenda chini kuliko mkavu, na vimelea vilivyoamshwa na unyevu hufa upesi kuliko vilivyolala. Nailoni iguse udongo, na kingo zake zifukiwe pande zote, kwa sababu upepo wa Dodoma ukiingia chini yake kazi yote imepotea.

Nisikufiche jambo moja. Sentimita 5 za juu zinaweza kufika nyuzi 50 za selsiasi, lakini kadiri unavyoshuka joto hupungua, na minyoo fundo hukaa hata chini ya mahali linapofika. Utaipunguza, hutaimaliza, na itapanda tena kadiri msimu unavyosonga. Ndago nayo, lile gugu sugu, usiitegemee kufa. Ukishafunua, usilime tena kwa kina, maana utauleta juu udongo ambao haukuiva.

Nyanya za Makutupora:
Nashukuru sana, wazee wangu. Je, nikichanganya samadi ya kuku kabla ya kufunika kuna ubaya? Na hii nailoni nyeusi niitupe?

Afisa Ugani Mstaafu:
Samadi ichanganye, ikioza chini ya nailoni hutoa hewa inayosaidia kuua vimelea. Nyeusi itandike kwenye matuta wakati wa kupandikiza, itazuia magugu. Ila kwanza kata shina la mche ulionyauka, ulitumbukize kwenye glasi ya maji safi. Ukiona nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka, una mnyauko bakteria pia, na huo jua peke yake haliaminiki kuumaliza. Hapo upumzishe shamba kwa mahindi, usipande bilinganya wala viazi mviringo.

Babu Kitalu:
Na kitalu cha miche ukifunike kabla ya kitu kingine chochote. Utapikaje shamba zima halafu ulipandikizie miche yenye vinundu?

Nyanya za Makutupora:
Nimeelewa, Babu. Nailoni angavu nitainunua ya kitalu na matuta manne tu kwa msimu huu, sehemu iliyobaki nipande mahindi. Glasi nitaijaribu kesho asubuhi, kisha nitaleta majibu hapa.