Naomba ushauri: nimekwama kwenye kitabu cha Plato, Jamhuri, niendelee au niruke?

Habarini za jioni wakuu. Niko Iringa mjini, ni fundi cherehani, historia naipenda tu, sijaisomea.

Nilianza na makala za video kuhusu vita vya Athens na Sparta (431 hadi 404 KK), nikafika kwenye kifo cha mwanafalsafa Socrates mwaka 399 KK. Hapo nikatafuta Jamhuri ya Plato, mwanafunzi wake, iliyoandikwa kama mazungumzo. Sasa sehemu yake ya kwanza imenikwamisha. Thrasymachus, anayebishana na Socrates humo, anadai haki ni manufaa ya mwenye nguvu. Socrates anamjibu kwa mfano wa tabibu: tabibu wa kweli hutafuta nafuu ya mgonjwa, si yake. Jibu zuri, ila halijanitosha.

Maana nimetoka makumbusho ya Kalenga, nimesimama mbele ya kioo chenye fuvu la Mkwawa, mtawala wa Wahehe. Mwaka 1891 aliwapiga Wajerumani Lugalo, 1894 ngome ikaanguka, 1898 akafa, fuvu likarudi 1954. Waliomshinda walibeba hadi kichwa, na wakaita hiyo ni serikali. Nilikaa kimya njia nzima kurudi mjini.

Sehemu hiyo ya Thrasymachus nimeirudia mara tatu na kamusi mkononi. Makala niliyotazama baadaye iliruka moja kwa moja hadi kwenye mfano wa pango, ulio mbele zaidi kitabuni. Mwalimu mmoja ananiambia niachane na Plato, nisome Machiavelli, Mwitaliano aliyeandika kuhusu watawala na madaraka.

Mliosoma, naombeni mnisaidie: mbele huko Plato anamjibu Thrasymachus kwa uzito zaidi, au nimfuate mwalimu? Na je, kuna tafsiri ya Kiswahili ya Jamhuri?

Natanguliza shukrani.