Runinga imenikatakata maneno, sasa nyumbani naitwa msaliti

Mimi ni fundi wa simu, nina kibanda Luthuli Avenue, Nairobi. Juni 25, 2025, siku ya maandamano ya kukumbuka vijana waliouawa wakiandamana mwaka uliotangulia, wahuni walinivunjia wakabeba simu za wateja. Siku mbili baadaye akaja mwanahabari wa kituo kimoja na kamera yake. Tuliongea kama dakika kumi. Nikamwambia walioiba hapa washikwe, wafungwe, lakini msiwachanganye na walioandamana. Hao wana haki yao, Kifungu cha 37 cha Katiba kinawapa. Nilirudia mara mbili kwa sababu nawajua.

Taarifa ya saa moja jioni nikajiona. Sekunde nane! "Washikwe, wafungwe!" Basi. Na sauti yangu wameipitisha juu ya picha za nani? Wasichana wenye bendera na chupa za maji, wanaimba wimbo wa taifa. Mwizi hata mmoja hayumo. Neno nililisema kweli, na picha ni za kweli. Wameshona tu kiraka cha huku na cha kule, mtazamaji akavalishwa.

Mama amenipigia kutoka Machakos akiuliza, "Mwanangu, walikulipa ngapi?" Jirani yangu Kayole, ambaye kijana wake alikuwa tao akiandamana siku hiyo, hanisalimii.

Kinachonichoma zaidi ni hiki. Tarehe 25 hiyohiyo Mamlaka ya Mawasiliano ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja ya maandamano, vituo kadhaa vikazimwa mitambo. Nani aliwatetea? Sisi! Tulikesha mitandaoni, na tulishangilia Mahakama Kuu iliposimamisha ile amri. Tulidhani tunalinda macho yetu.

Nimepiga simu kituoni mara nne. Jibu ni moja: ilifupishwa kwa sababu ya muda. Muda wa matangazo ya sabuni na unga ulikuwepo. Muda wa neno "lakini" ukakosekana?

Kifungu cha 35 kinanipa haki ya kusahihishiwa habari potovu inayonihusu. Nimeshaiandikia Tume ya Malalamiko ya Vyombo vya Habari. Nataka mahojiano yote yaonyeshwe, saa moja jioni ileile, si usiku wa manane.

Kuna watu walikuwa wamesimama nyuma ya kamera wakirekodi na simu. Kama ni wewe, ndugu yangu, nitumie hiyo video.