Mrejesho: zabuni ya kukarabati jengo la kale kwa fedha za ruzuku

Wakuu, niliuliza kama tunaweza kumpa kazi moja kwa moja fundi aliyetuandalia makadirio, maana ndiye anayelijua jengo. Asanteni kwa kunizuia. Tulitangaza zabuni ya wazi, yeye akakaa pembeni kwa sababu ya mgongano wa maslahi, na mfadhili akapitisha bila swali.

Ushauri wenu wa kuwapa wazabuni alama kwa uzoefu wa kufanya kazi na chokaa ndio uliotuokoa: mzabuni wa bei ya chini kabisa alitaka kupiga plasta ya saruji badala ya chokaa, ambayo ingefungia unyevu ukutani.

Kilichogoma ni paa. Boriti zilizooza zilionekana baada ya vigae kung'olewa, fungu la dharura halikutosha, na mfadhili amekataa nyongeza. Upande wa nyuma wa paa unasubiri awamu nyingine.