Maziwa na mito miwili kwa kiungulia: vinasaidia kweli?

Mdadisi77: Wakuu, anayelalamika kiungulia huambiwa yale yale: kunywa maziwa, acha pilipili, lalia mito miwili, ukizidiwa meza omeprazole. Kipi kina msingi na kipi ni mazoea tu? Na mbona omeprazole kwa wengine ni kama hawajameza kitu?

MezaDawa: Naanza na la mwisho, maana hapo ndipo wengi hukosea. Omeprazole haizimi asidi iliyokwisha kumwagika tumboni. Inafunga pampu zinazoitengeneza, na hufunga zile tu zilizoamka. Kinachoziamsha ni chakula. Ukiimeza umeshashiba, au unapopanda kitandani, inatoka kwenye damu ndani ya saa chache huku pampu nyingi zimelala. Meza miligramu 20 dakika 30 hadi 60 kabla ya mlo wa kwanza, halafu ule kweli, si chai tupu. Usiitafune wala kuisaga, kwani ganda lake ndilo linaloikinga isiharibiwe na asidi njiani. Usiihukumu kwa siku moja pia. Nguvu yake hutimia baada ya siku 3 au 4.

Maziwa yanatuliza kwa muda mfupi, kisha protini na kalsiamu yake vinalichochea tumbo kumwaga asidi upya. Glasi nzima kabla ya kulala ni mlo, tusiiite dawa.

Fundi_Mwili: Mito ndiyo ushauri mbovu kuliko yote hapo. Inamkunja mtu kiunoni, tumbo linabanwa, na kilichomo kinasukumwa juu kwenye umio. Kinachotakiwa ni mteremko wa mwili mzima: inua miguu miwili ya kitanda upande wa kichwa kwa sentimita 15 hadi 20. Tumia vipande vya mbao vyenye kishimo katikati, la sivyo kitanda kitateleza usiku. Lalia ubavu wa kushoto, maana hapo mdomo wa tumbo unakaa juu ya asidi. Ukilalia kulia unazama ndani yake. Kati ya mlo wa mwisho na kulala zipite angalau saa 3.

Pilipili huwasumbua baadhi tu. Kumkataza mtu ndimu, nyanya, kahawa na chokoleti kwa mpigo ni kumtesa bure. Ondoa kimoja kwa wiki 2, kirudishe, uone. Cha ajabu, chai ya mnanaa inayosifiwa kwa tumbo hulegeza ule mlango wa juu ya tumbo na kuzidisha kiungulia. Kitambi na sigara navyo hutajwa mara chache, ilhali vina uzito kuliko pilipili.

Mdadisi77: Shukrani wakuu. Na bikaboneti ya sodiamu, ile ya kuumulia unga?

MezaDawa: Inafanya kazi haraka ila si ya kila siku. Nusu kijiko cha chai kwenye nusu glasi ya maji, iyeyuke kabisa. Usiinywe tumbo likiwa limejaa pomoni, kwa sababu ikikutana na asidi hutoa gesi nyingi kwa mara moja. Kijiko kizima cha chai kina zaidi ya miligramu 1,200 za sodiamu, kwa hiyo mwenye presha, ugonjwa wa moyo au figo, na mjamzito, wasiiguse. Vidonge vya kutafuna vya kupunguza asidi navyo viachanishwe kwa saa 2 au zaidi na antibiotiki za doxycycline na ciprofloxacin, au na madini ya chuma, maana huzikamata dawa hizo zisifyonzwe. Doxycycline yenyewe, ukiimeza kwa maji kidogo kisha ukalala, inaweza kuchoma umio.

Fundi_Mwili: Chakula kikikwama kooni, ukitapika damu, choo kikiwa cheusi kama lami, au uzito ukishuka bila sababu, acha majaribio uende hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani yachukuliwe kuwa ya moyo hadi yapimwe.

MezaDawa: Moja nimelisahau. Aliyetumia omeprazole zaidi ya wiki 8 akiacha ghafla, asidi huweza kurudi kwa kishindo kwa wiki kadhaa, naye hudhani bado anaihitaji. Ashuke hadi miligramu 10, kisha siku moja ameze na moja aruke, huku vidonge vya kutafuna vikiziba pengo.