Mboga za kikundi chetu Ujiji zinageuka njano, naombeni ushauri

MamaSombe
Wakuu habari za jioni. Sisi ni kina mama wa mtaa mmoja hapa Ujiji, tunalima mboga za kula nyumbani: sukuma, mchicha, matembele na nyanya chungu. Tulianza 2024, Ziwa Tanganyika lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 na kitoweo kikawa taabu. Kila nyumba ina tuta lake. Mwenye ziada anampa mwenye dagaa, na asiye na kitu anachuma halafu anasaidia kumwagilia. Watoto wanakula mboga kila siku, kwa hilo namshukuru Mungu. Sasa mwaka huu sukuma inaanza njano majani ya chini, njano inapanda juu, mche unadumaa. Tuweke mbolea gani? Naomba nijibiwe mapema, kuna jambo tunataka kulikamilisha wiki hii.

FundiShamba
Njano ikianzia majani ya chini, mara nyingi naitrojeni imepungua. Tia samadi iliyooza vizuri, isiwe mbichi, itaunguza mizizi. Bustani iko wapi na mnamwagilia mara ngapi?

Mjukuu wa Kasulu
Umenikumbusha bibi yangu. Majivu ya jikoni hakuyatupa hata siku moja, yote yaliishia kwenye maboga nyuma ya nyumba. Mgeni hakuondoka pale bila fungu la majani. Siku hizi tunanunua hata mchaichai, inauma sana. Hongereni dada zangu.

MamaSombe
Asanteni. Samadi tumeweka ya mwaka jana. Udongo ni wa kichanga. Tunamwagilia asubuhi na jioni. Mahali ni pazuri tu.

Mzee wa Mwanga
Mwanangu, "pazuri tu" ni wapi? Chimba shimo kina cha kiwiko, uje utuambie umeona nini.

MamaSombe
Shikamoo mzee. Nimechimba leo asubuhi. Maji yameanza kuingia kabla sijafika kiwiko. Haya, niseme tu: bustani iko ufukweni, kama hatua thelathini kutoka majini. Lakini hatuko peke yetu, wapo waliolima pale tangu sijaolewa. Na michango ya pampu tumeshakusanya, muuzaji nimempa nusu. Leo niwaambie wenzangu tuache? Watasema nimekula hela yao.

Mzee wa Mwanga
Marahaba. Basi achana na mbolea kwanza. Ziwa limepanda miaka hii, maji yamekaa kwenye mizizi na mizizi inakosa hewa. Kuongeza pampu hapo ni kumnywesha anayezama. Tena Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Wakija kuwaondoa mtamlaumu nani?

Abu Swabra
Mimi nauliza hela. Michango imeandikwa wapi? Hela ya watu ni amana, dada yangu. Itisha kikao, fungua daftari mbele ya wote.

Dagaa Kauzu
Pampu ufukweni! Mtamwagilia mpaka Kongo.

Msomaji Kimya
Samahanini, mimi naona hii ni chai. Ziwa limefungwa, kitoweo taabu, halafu papo hapo mwenye mboga anapewa dagaa. Dagaa hao walivuliwa na nani? Na mleta uzi amejiunga wiki hii. Kesho ataweka namba ya kuchangia pampu.

Mjukuu wa Kasulu
Hata mimi nimeanza kujiuliza.

MamaSombe
Sijaomba hela ya mtu humu na sitaomba. Dagaa walikuwa wakavu. Jirani yetu alianika kwenye chanja mwezi wa nne, akawaweka kwenye ndoo zenye mifuniko. Tulipima kwa kikombe: kikombe kimoja cha dagaa, mafungu mawili ya matembele. Kama hujaishi huku uliza, usitukane.

Dagaa Kauzu
Hapo anasema kweli. Mwaloni Kibirizi dagaa wakavu walikuwepo, bei tu ndiyo ilitusumbua. Msomaji, mwache mama wa watu.

FundiShamba
Turudi kwenye mboga. Mama, hamisheni sukuma kwenye magunia uani. Toa kitako cha kopo la rangi, lisimamishe katikati ya gunia, ndani yake jaza kokoto, pembeni jaza udongo na samadi. Livute juu, ujaze tena hivyo hivyo mpaka gunia lijae. Hizo kokoto ndizo zinazoshusha maji mpaka chini. Toboa matundu ubavuni, panda miche humo, na juu pia. Maji ya kuoshea mboga na mchele yanatosha kusaidia. Matembele kata vipande vya mashina, chomeka popote uani.

MamaSombe
Magunia nayaelewa, lakini sisi tulizoea kuwa pamoja. Kila mtu akijifungia uani kwake, kikundi kitabaki kweli? Na nusu ya pampu nimeshalipa.

Abu Swabra
Yawekeni yote uani kwa mmoja wenu mwenye nafasi. Zamu za kumwagilia zibaki zile zile. Ila daftari kwanza.

Mzee wa Mwanga
Hiyo pampu ni ya inchi ngapi? Nina shamba juu huku, mbali na ziwa, lina kisima. Ikinifaa nitamalizia nusu iliyobaki na kuwarudishia yenu. Uje na mwenzako mmoja wa kikundi, na risiti.