Re: Nairobi hadi Minneapolis, kilomita na saa za safari

SWALI (Minneapolis): Habari zenu ndugu. Mama anakuja Januari. Wakala anasema tumkatie ya moja kwa moja Nairobi–New York halafu aunganishe, kwa kuwa ndiyo njia fupi. Ni kweli?

JIBU (New Jersey): Dada, kwa anayeishia New York ni kweli. JKIA (uwanja wa ndege wa Nairobi) hadi JFK (wa New York) ni kama kilomita 11,840, saa 15 kwenda na 14 kurudi, maana pepo za juu huvuma kutoka magharibi na kuisukuma ndege ikirudi.

Kwa Minneapolis hesabu inageuka. Ongeza kilomita 1,650 za kutoka JFK, unapata 13,490. Nairobi–Amsterdam ni 6,670, na Amsterdam–Minneapolis bila kutua 6,690: jumla 13,360. Zote ni ndege mbili, na angani ni saa 17 na nusu hadi 18. Kupitia Doha, Qatar, hadi New York peke yake ni 14,120, kwa sababu anaanza kwa kwenda kaskazini-mashariki. Hiyo achaneni nayo.

Halafu msipime safari kwa kutoa saa za kwenye tiketi, kila moja ni ya mahali pake. Tuseme inaondoka Nairobi 23:30 na kufika New York 06:30. Saa zinaonyesha 7. Ongeza 8 za tofauti, unapata 15. Kuanzia Jumapili ya pili ya Machi hadi ya kwanza ya Novemba unaongeza 7, maana Marekani husogeza saa mbele. Kurudi, unatoa badala ya kuongeza.

JIBU (St. Paul): Naunga mkono Amsterdam, na sababu kubwa ni mizigo. Abiria hukaguliwa pasipoti na forodha pale anapotua Marekani mara ya kwanza. Akitua JFK, mama atachukua masanduku yake kwenye mkanda, apite nayo forodha, ayakabidhi upya, hata kama lebo imeandikwa MSP, yaani uwanja wa Minneapolis. Kisha apite tena ukaguzi wa usalama, pengine katika jengo jingine. Chini ya saa tatu ni hatari. Kupitia Amsterdam, mizigo anaikuta Minneapolis nanyi mko nje mnamngoja.

Ila iwe tiketi moja. Zikiwa mbili tofauti na ya kwanza ikachelewa, ya pili imepotea.

Ombeni kiti cha magurudumu mnapokata tiketi, si chini ya saa 48 kabla, hata kama anatembea vizuri. Schiphol, uwanja wa Amsterdam, ni kubwa, na mhudumu humfikisha hadi mlango wa ndege. Nyama, hata iliyokaushwa, isiwemo.

Na angalieni tarehe. Ikiandikwa 00:30 tarehe 15, mama anatakiwa uwanjani jioni ya tarehe 14. Wengi huja usiku wa tarehe 15, ndege imeshaondoka usiku uliotangulia.